Chai Isiyotaka Maneno

Kijiwe chetu kiko Dilala, hapa Kolwezi, kwenye kona ya nyumba za zamani za kampuni ya mgodi, zile za matofali ambazo siku hizi kila moja ina mlango wa rangi yake. Benchi lenyewe ni taruma la reli lililolazwa juu ya mawe mawili, na nani alilitoa relini hatuulizani. Wa kwanza kufika kila asubuhi ni Tata Beya, karani mstaafu wa mgodi, tunayemwita Raporo kwa sababu hawezi kuona kuku akivuka barabara bila kutoa taarifa. Wa pili ni Mechack wa teksi-moto, jina lake Buji, yaani plagi, maana anawaka haraka na kuzimika haraka. Wa tatu ni mimi, Kabamba, fundi viatu, ninayeitwa Kole kwa ajili ya gundi isiyonitoka mikononi. Na mbele yetu kuna meza ya Mama Fidélie na themosi zake mbili za kahawa. Bila yeye, lile taruma lingekuwa taruma tu.

Jumatatu hiyo alifika na kitu kilichofungwa kwa pagne, kitenge chake cha zamani, fundo lake zuri limesimama juu kama masikio mawili. Alikiweka mezani, akatumiminia kahawa, halafu akasema:

— Siku ya posho Mademoiselle Tatiana atakuya hapa. Nitatengeneza chai ya ba-Japonais. Nataka muntu moja wa kuinywa. Lakini hatasema neno, mwanzo mpaka mwisho.

Siku ya posho ni Jumamosi. Wazee wetu walikuwa wakipokea chakula cha kampuni siku hiyo, na jina limebaki ingawa chakula kilikoma. Na Tatiana ni binti wa mwalimu Mukendi. Alikwenda Japani kusoma, akakaa miaka sita, akarudi na sanduku la mabakuli. Tangu mwezi uliopita alikuwa akiwafundisha wanaoanza kwenye ukumbi wa parokia, kila Jumamosi, kazi za mikono za kule na namna yao ya chai. Siku ya kufunga vitu kwa kitambaa ilikuwa ya kucheka. Akina mama wa Dilala wamefunga vitambaa tangu kuzaliwa, wakamaliza mafundo yake yote kabla ya saa nne, kisha wakamfundisha yeye fundo la kubebea mtoto. Lakini ilipofika chai walianza kutoroka. Magoti yaliuma, na kukaa kimya kuliuma zaidi. Kati ya kumi na tisa walibaki watano, Mama Fidélie akiwemo, na kila mmoja alipaswa kumkaribisha mgeni mahali anapofanyia kazi, mwalimu akitazama. Akifaulu, anapewa cheti.

Bila shaka kijiwe hakingeweza kupokea habari kama hiyo kikanyamaza.

— Mi nilifanyaka ku bureau myaka makumi tatu na moja, alianza Tata Beya. Muntu anakukatazaka kusema ile wakati tu anataka usaini kintu. Ile haiko chai. Iko contrat.

— Hapana, tata, alisema Mechack. Iko chungu. Ukifungua kinywa, inatoka. Ndiyo banakatazaka.

Mama Fidélie alifungua lile fundo. Ndani mlikuwa na bakuli jeusi, kifagio kidogo cha mwanzi kilichochanwa nyuzi nyembamba sana, na kikopo. Alifunua kikopo tukachungulia. Unga ulikuwa wa kijani, kijani kile kile ambacho kila mtu wa Kolwezi anakijua kabla ya kujua kusoma. Tata Beya aliushika ukingo wa meza.

— Ile rangi naijua. Iko jiwe yetu ya shaba. Banaibeba kule, banaisaga, sasa banatuletea mu kikombe.

— Donc ule atakunywa, alisema Mechack, siku atapita ku airport ya Lubumbashi, machine italia. Batamufungua tumbo, batasema ameiba shaba.

— Na ju ya nini asiseme? Ju banatafuta muntu wa siri, alisema Tata Beya, sasa amesimama kabisa. Muntu mwenye anajua fasi ya jiwe na hasemi. Batamuandika mu kitabu.

Mimi pia nilitupa langu. Nilisema labda kule Japani wake wamechoka na maneno ya wanaume, wakabuni chai ya kuwafunga midomo. Tulicheka sana. Mama Fidélie hakucheka. Alisubiri mpaka tumalize, akafunga kikopo chake taratibu.

— Masomo nilikatiaka mu ya tano, alisema. Kushona nilikatiaka ju ya mimba ya Jessica, mutoto yangu ya kwanza. Sijamalizaka kintu, hata moja. Hii nitaimaliza. Kama hamutaki, nitatafuta mugeni ku kijiwe ya kule ku garage.

Tuliona haya. Kwa upande wangu haya ilikuwa na mzizi mwingine, na nitausema kwa sababu hakuna atakayeusema. Mume wake, Ezéchiel, alikuwa akiketi hapa hapa, upande wa kushoto wa taruma. Alikufa katika safari ya Dilolo, wakati wa mvua, lori lilipopinduka. Walimzika huko huko, na habari ilifika hapa baada ya wiki mbili. Asubuhi ya kesho yake themosi zilikuwa mezani kama kawaida, maana watoto walikuwa watatu. Sisi wenye midomo mikubwa tulikunywa kahawa, tukazungumza juu ya mpira. Hatukusema hata pole. Tulingoja aanze yeye, yeye akamimina kahawa, siku zikapita.

Basi tulianza mazoezi. Unga wa kijani ulikuwa kidogo, hivyo alijifunzia kwa unga wa mahindi na maji ya moto. Shida ilikuwa mkono wake. Kile kifagio kinataka kwenda mbele na nyuma, haraka, kwa kifundo cha mkono tu, mpaka povu lipande. Yeye kila akikishika mkono ulizunguka, bega likaingia, akakandamiza. Tatiana alipita Jumanne jioni, akamtazama kidogo, akasema kwa upole: mama, mukono yako inapika bukari. Na ilikuwa kweli. Miaka ishirini na tano ya kusonga bukari, ugali wetu, kwenye sufuria haifutiki kwa siku nne. Nyuzi tatu za kifagio zilikatika. Mama Fidélie aliziokota, akaziweka kwenye mfuko wa aproni, akaanza tena. Alhamisi nilimkuta amejifunga kiwiko ubavuni kwa kipande cha pagne ili bega lisiingilie. Ijumaa povu lilipanda.

Kumpata mgeni kulikuwa rahisi zaidi, kwa sababu wawili walijiondoa wenyewe. Mechack alinyamaza vizuri mpaka abiria wa kwanza alipopiga mluzi. Tata Beya alinyamaza muda mrefu tukashangaa, kisha akamwambia Mama Fidélie kwamba bakuli limekaa upande. Nikabaki mimi. Fundi viatu hukaa nusu ya siku na misumari katikati ya midomo, na mtu wa namna hiyo anajua kutokujibu.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Mama Fidélie alitandika mkeka mbele ya taruma. Meza aliisogeza, themosi zikawekwa kando, biashara ya kahawa ikasimama. Tulivua viatu, Tata Beya na Mechack pia, maana Tatiana alisema wenye kutazama wakae kama wageni. Tukapiga magoti. Tatiana aliketi kwenye kigoda, mikono mapajani. Mama Fidélie alifika mwisho, amevaa pagne ya rangi ya udongo na kitambaa kichwani, akainama, nami nikainama. Alinipa kwanza kipande cha karanga za sukari. Halafu akaanza kupangusa bakuli, pole pole, kama mtu anayepangusa uso wa mtoto aliyelala.

Sasa, ni lazima niseme jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria, hata Tatiana, na miaka sita ya ugenini ni mingi. Huku kwetu watu wazima wakivua viatu mchana, wakakaa chini kwenye mkeka barabarani bila kuongea, na kahawa haiuzwi, maana yake ni moja tu.

Mama Mianda, muuza avokado, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupita. Alisimama. Alituangalia mmoja mmoja, akashusha beseni lake kichwani, akakaza pagne kiunoni, akavua kandambili, akaja kukaa nyuma yangu na kiganja shavuni. Nilitaka kumwambia. Nilimwangalia Mama Fidélie, naye macho yalikuwa kwenye kifagio. Nikafunga mdomo.

Wakafuata wawili kutoka pampu ya maji. Kisha Mama Kapinga wa nyumba ya tatu, ambaye hajawahi kukosa kilio chochote cha msiba Dilala. Wenye teksi-moto walizima injini wakavua kofia. Mtu mmoja alikuja na viti vya plastiki, akaviona havifai, akaviacha ukutani. Nilimsikia Mama Kapinga akianza kuguna kwa chini, ile sauti inayotangulia wimbo. Mechack alikuwa ameuma mdomo wake wa chini, na Tata Beya alikuwa akijifuta jasho shingoni kwa taarifa iliyomkwama.

Kifagio kilikwenda mbele na nyuma. Bega halikuingia. Povu lilipanda, jepesi, la kijani. Aliligeuza bakuli ili upande wake mzuri unitazame, akanisogezea. Nikaliweka kwenye kiganja cha kushoto, nikaligeuza mara mbili kama tulivyofundishwa, nikakunywa. Chai ilikuwa chungu, Mechack hakukosea. Nilifuta ukingo, nikalirudisha.

Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Alibakiza kuosha na kuinama tu. Lakini aliinua macho, akawaona wale watu kwa mara ya kwanza, wote kumi na zaidi, wamekaa chini kwa ajili yake.  Nikasema moyoni, sasa atazungumza, atawaeleza, na cheti kitapotea.  Aliosha bakuli, akatia unga, akamtengenezea Mama Mianda. Halafu Mama Kapinga. Halafu wale wa pampu ya maji, halafu wenye pikipiki, mmoja baada ya mwingine, na kila mara alisogea kwa magoti akainama. Watu walipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyeuliza ni chai gani. Tatiana hakumzuia, alikuwa ameshuka kwenye kigoda na yeye amepiga magoti.

Tata Beya alikuwa wa mwisho. Alikunywa, akaligeuza bakuli, akalirudisha bila kosa. Machozi yalikuwa yanamshuka, na sikuwahi kumwona mtu yule analia.

Ndipo mwanamume mmoja aliyetoka stesheni na gunia la samaki wakavu begani alisimama pembeni yetu. Tulikuja kumjua baadaye kuwa ni Tata Kisimba wa Tenke, aliyekuja kumwona dada yake. Alishusha gunia, akavua kofia, akauliza kwa adabu:

— Bandugu, pole. Nani alikufa?

Mama Mianda alinitazama. Mimi nilimtazama Tata Beya. Tata Beya, aliyeandika taarifa za mgodi mzima miaka thelathini na moja, alitazama soksi zake.  Watu wote walikuwa wamekaa kilio, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina la kutoa.

Mama Fidélie hakuharakisha. Alimimina maji ya moto kwenye bakuli, akaosha, akapangusa, akaliweka na upande wake mzuri mbele. Akainama mpaka paji la uso likakaribia mkeka. Tatiana naye aliinama.

— Umemaliza, mama, alisema.

Mama Fidélie alikaa juu ya visigino vyake, mikono mapajani. Alimtazama yule mgeni.

— Ezéchiel, alisema. Bwana yangu. Iko myaka tatu sasa, na sikumuikaliaka kilio.

Mama Kapinga ndiye aliyeanza, na wimbo ulipanda mpaka nyumba za nyuma, watu wakatoka. Mimi nilikwenda kwa magoti mpaka mbele yake, nikamshika mikono yote miwili, nikasema pole. Ilikuwa imechelewa miaka mitatu, na niliisema hivyo hivyo. Mechack akaja. Tata Beya akaja, akataka kueleza sababu zake, akashindwa, akasema pole tu. Kisha alisogea, akaacha nafasi upande wa kushoto, akaupigapiga mkeka kumwonyesha yule mtu wa Tenke.

— Ikala, tata.

Tata Kisimba alivua viatu akakaa. Ule unga wa kijani ulikuwa umekwisha. Mama Fidélie alikikung'uta kikopo, akaona hakuna kitu. Basi akavuta themosi, akamimina kahawa kwenye bakuli jeusi, akaligeuza mara mbili, akalisogeza kwa mikono miwili mbele ya mgeni.