Medali za Sajini Kihwele na Maisha ya Dalmas Shisia (1964–2023)

Marehemu Dalmas Shisia alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, nje kidogo ya soko la Shinyalu, Kakamega. Alikuwa kifungua mimba wa hayati Mzee Jeremiah Shisia na Mama Zipporah Muhonja, ambaye tuko naye hapa. Mama husimulia kwamba mtoto huyo alichelewa kutembea lakini hakuchelewa kufungua vitu. Tochi, saa ya mezani, taa ya karabai, vyote alivifungua aone ndani kuna nini, na mara nyingi aliweza kuvirudisha. Redio pekee ndiyo iliyonusurika, kwa sababu Mzee Jeremiah aliinunulia kabati lenye kufuli.

Alianza masomo ya msingi hapa nyumbani mwaka wa 1971, akaendelea na sekondari Kakamega hadi kidato cha sita mwaka wa 1983. Kati ya 1984 na 1987 alisomea Nairobi stashahada ya uhandisi wa mitambo ya tiba. Akiwa mwanafunzi huko alimtengenezea mama mmoja wa Kariokor redio, na yule mama, kwa kushukuru, akampa beji ya kofia ya askari yenye umbo la tarumbeta. Ilikuwa beji ya Keya, lile jeshi la Waingereza lililochukua vijana wa Afrika Mashariki katika vita viwili vikuu. Dalmas alimuuliza ilikuwa ya nani. Mama akasema ilikuwa humo nyumbani tangu alipohamia. Jibu hilo halikumtosha, na kuanzia siku hiyo hakupita penye vyuma vikuukuu bila kuinama kutazama. Alikusanya beji, vifungo vya sare, tepe za bega, na baadaye medali. Alipenda zaidi zile ambazo Waingereza walikuwa wakichonga jina la askari kwenye ukingo wake.

Aliajiriwa katika hospitali ya Kakamega mwaka wa 1987, akahamishiwa Eldoret mwaka wa 1996. Mashine za eksirei na za kuwapa wagonjwa hewa zilimtii. Wauguzi walikuwa wakisema mashine ikisikia sauti ya Shisia kwenye korido inaanza kufanya kazi yenyewe. Yeye alisema ni woga tu.

Tarehe 21 Desemba 1991 alifunga ndoa na Mwalimu Selipher Mmbone katika kanisa la Marafiki. Siku za uchumba wao alimletea zawadi aliyoitafuta kwa muda mrefu, kifungo cha shaba cha sare ya afisa, kikiwa kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Selipher alishukuru sana. Jumapili iliyofuata alifika kanisani amekishona kwenye sweta lake, mahali palipokuwa na pengo. Dalmas hakusikia mahubiri siku hiyo. Baada ya ibada alimsihi akitoe, naye Selipher akamuuliza kwa upole, kifungo kazi yake ni nini basi? Walijaliwa watoto watatu, Wesley, Maureen na Hillary, na sweta hilo lilivaliwa mpaka likaisha.

Kanisa la Marafiki ni kanisa la amani, na mzee mmoja wa kanisa aliwahi kumtembelea kumuuliza kwa nini nyumba ya Mkristo ina sanduku la vitu vya vita. Dalmas alimkaribisha chai, akamwekea mkononi medali moja na kioo cha kukuzia maandishi, akamwomba asome ukingoni. Mzee alisoma jina, kisha akauliza kama huyo mtu alirudi kwao. Dalmas akamwambia hilo ndilo analotaka kujua na yeye.

Mwaka wa 2012, mawakala wa kazi za Ghuba walipokuwa wakitafuta mafundi na wauguzi kila mji, Dalmas alistaafu mapema akaenda Riyadh, akaanza kazi katika hospitali moja ya binafsi mtaa wa Al-Sulimaniyah. Wesley alikuwa chuoni na wadogo zake wakimfuata nyuma. Aliishi chumba kimoja na mafundi wenzake. Ijumaa, Wakenya walikutana kwa chai na chapati kwa Susan, aliyekuwa mpishi wa hospitali hiyo, na hapo ndipo alipojifunza kwamba kafili, yule mwajiri anayekudhamini nchini, akisema halas, mazungumzo yamekwisha hata kama hujaanza.

Wenzake walikwenda kutazama maduka makubwa. Dalmas alikwenda Al-Dirah, kwenye soko la vitu vya zamani, ambako majambia, sarafu na saa za mfukoni hulala pamoja kwenye sinia. Mwezi wa Februari 2014, kwenye sinia la mfanyabiashara mmoja wa Kiyemeni, alikuta medali ya fedha iliyopiga weusi. Aliigeuza ukingo, akasoma: Sajini Chavala Kihwele, Keya. Ilikuwa Medali ya Utumishi Mrefu na Mwenendo Mwema. Alisimama pale akilisoma jina hilo tena na tena, mpaka Myemeni akamuuliza kama ni la babake.

Aliweka picha yake kwenye ukurasa wa wakusanyaji mtandaoni. Jibu lilitoka mjini Jeddah, kwa Mtanzania aitwaye Zephania Mhongole, mtaalamu wa maabara aliyekuwa akiishi mtaa wa Al-Safa. Zephania alikuwa na medali nyingine ya Sajini huyohuyo, Medali ya Ushujaa aliyoipata katika vita vya Burma. Zephania aliinunua kutoka Uingereza.

Wakusanyaji wana desturi moja wanayoiheshimu kuliko zote, kwamba medali za mtu mmoja hazitenganishwi. Zikipatikana mbalimbali, ziunganishwe. Hilo Dalmas na Zephania walikubaliana tangu simu ya kwanza. Hawakukubaliana ziunganishwe kwa nani. Kwa miaka mitatu walipigiana simu karibu kila Ijumaa, kila mmoja akimtaka mwenzake aachilie, na katikati ya kubishana wakaulizana habari za watoto. Zephania alisema jina Kihwele ni la Iringa, basi Sajini ni Mtanzania na arudi kwa Watanzania. Dalmas alisema Keya haikujua mpaka.

"Kaka, hebu fikiri," Zephania alimwambia mara moja. "Mimi Mtanzania nina ushujaa, wewe Mkenya una mwenendo mwema. Hapo kuna mtu amekosea bahasha."

Alipotaka kumuudhi kabisa, alitishia kuisugua yake kwa dawa ya meno. Dalmas hakuwa na mzaha na jambo hilo. Medali haisuguliwi. Ule weusi ndio umri wake, na ukisugua mara nyingi, jina la askari linafutika. Hata watoto wake walijua kwamba sanduku la baba linafutwa vumbi kwa kitambaa kikavu na kwa mkono wa baba peke yake.

Januari 2017 Zephania alipiga simu siku ambayo haikuwa Ijumaa. Kupitia wanakwaya wa kwao alikuwa amempata binti wa Sajini, Bibi Asumpta Kihwele, katika kijiji kimoja karibu na Tosamaganga, Iringa. Alikuwa na umri wa miaka themanini na miwili na macho yake yalikuwa yakififia. Medali ziliuzwa na ndugu baada ya Sajini kufa, naye hakuulizwa. Sasa alitaka kuziona akiwa bado anaona. Dalmas akasema anachojua yeye ni kwamba kwa miaka mitatu Mtanzania huyu amejaribu kila mbinu, na hii ndiyo nzuri kuliko zote. Zephania aliunganisha simu mpaka Iringa.

Dalmas aliamkia. Bibi akaitikia, akamwuliza, "Wewe ndiye unayekaa na baba yangu?"

"Ndimi, mama. Nusu yake."

"Na nusu nyingine?"

"Iko Jeddah, mama."

"Basi mleteni mzima."

Dalmas alimweleza Mwalimu Selipher baadaye kwamba katika kukusanya kwake kote, hakuna aliyewahi kumuuliza kama anakaa na mtu. Alikuwa akidhani anakaa na medali.

Aliomba likizo mara moja, akaambiwa mafi, hakuna, subiri Idi. Miezi ile ilikuwa mirefu. Kila Zephania alipopiga simu, Dalmas aliuliza kwanza habari ya macho ya Bibi, na kila mara jibu lilikuwa ni afadhali ya jana. Ilipofika Juni, ikama ya Zephania, kibali chake cha kuishi nchini, ilikuwa bado iko kwenye kubadilishwa na kafili wake amesafiri, hivyo hakuweza kutoka nchini. Likizo ya Dalmas ilikuwa siku chache, na hakujua kama mwaka unaofuata Bibi ataona kitu. Mtu mmoja ilibidi azichukue zote mbili, na mtu huyo alikuwa Dalmas.

Alipanda basi kutoka Riyadh hadi Jeddah, siku za mwisho za Ramadhani, na kwa mara ya kwanza wakaonana ana kwa ana. Zephania alikuwa ametarajia mzee mrefu mwenye ukali. Dalmas alikuwa ametarajia kijana, akakuta mtu mwenye mvi kuliko zake. Walikula futari pamoja na majirani wa Al-Safa, samaki na wali, wakiongea mambo mengine yote. Kisha Zephania akaleta medali yake katika kitambaa, akaiweka kando ya ile ya Dalmas juu ya meza. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuziona pamoja.

Uwanja wa ndege Zephania alimkabidhi kitambaa mkononi, akashindwa kukiachia upesi. "Kaka," akasema, "usije ukapitia Kakamega."

"Ningetaka kupitia, ningekuaga hivi?"

"Ndiyo. Hivyohivyo."

Dalmas hakuficha kwamba lilimpitia wazo. Ndani ya koti lake alikuwa na seti nzima ya Sajini Kihwele, kitu alichokitamani kuliko kingine chochote katika ukusanyaji wake. Alikuwa na ndege ya kuunganisha Nairobi, na kwao kulikuwa karibu. Aliketi pale Nairobi akisubiri ndege ya Dar es Salaam, na alisimulia kwamba hakusimama hata kwenda kununua chai, miguu isije ikamtangulia.

Alifika kwa Bibi Asumpta Jumatano baada ya Idi. Bibi alikuwa amekaa mlangoni penye mwanga, amevaa kitenge kipya. Alizipokea medali moja moja, akazileta karibu kabisa na macho, akazigeuza, akapitisha kidole ukingoni. Kisha akamwita mjukuu wake Yvonne, akaagiza majivu na limau.

Dalmas alielewa kinachokuja. Bibi alichovya limau kwenye majivu, akaanza kusugua. Alisugua kama mtu anayesugua sufuria ya harusi, na weusi wa miaka sitini ukawa unatiririka kwenye vidole vyake. Yvonne, ambaye aliuona uso wa mgeni, alimwuliza kama anajisikia vibaya. Dalmas akasema la, ni jua tu.

"Baba alizisugua kila Jumamosi," Bibi akasema bila kuinua kichwa. "Hakwenda misa na kitu kichafu kifuani. Huko zilikokuwa, hakuna aliyempitishia hata maji?"

Dalmas akamwomba radhi. Halafu akavua koti, akashika ile ya pili, akamwomba kipande cha limau.

Zilipong'aa, alimfundisha Yvonne namna zinavyovaliwa. Mwenye medali huvaa kushoto. Watu wake, yeye akiwa hayupo, huvaa kulia. Bibi akanyoosha kifua, akamwonyesha upande wa kulia.

Tangu hapo Dalmas alikusanya kwa namna nyingine. Beji na vifungo alibaki navyo. Lakini kila medali yenye jina aliitafutia kwao, akiwa Riyadh kwa simu, na baada ya mkataba wake kwisha na kurejea nyumbani Novemba 2019, kwa miguu yake mwenyewe. Zephania alimsaidia upande wa Tanzania. Baadhi ya nyumba zilimpokea kwa nyimbo. Nyumba moja kule Nandi ilidhani amekuja kudai kitu, akafukuzwa na mbwa, akarudi wiki iliyofuata.

Februari 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Eldoret kwa uvumilivu mkubwa, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wengi wao wakiwa waliofanya kazi naye. Kilichomsumbua zaidi ya maumivu ni medali chache zenye majina ambazo wenyewe hawajapatikana. Juni mwaka huu Zephania, ambaye sasa amestaafu na kurejea Njombe, alikuja kumwona. Walikaa ukumbini na sanduku katikati yao.

"Nilikukatalia miaka yote ile kwa sababu nilijua utazifungia sandukuni," Dalmas alimwambia.

"Na mimi nilijua hivyohivyo kuhusu wewe."

"Hatukukosea, wote wawili."

Walicheka mpaka Mwalimu Selipher akaja kuwaonya. Kisha Dalmas akamwita binti yake Maureen, akawakabidhi wawili hao zilizobaki. Wameshapata nyumba moja, huko Kitui.

Dalmas Shisia alifariki dunia nyumbani kwake Jumatano tarehe 9 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, mkewe amemshika mkono.

Ameacha mama yake, Mama Zipporah Muhonja. Mkewe, Mwalimu Selipher. Watoto wake Wesley, Maureen na Hillary. Dada yake Charity na mdogo wake Nehemiah. Na wajukuu wanne. Ameacha pia rafiki yake Zephania, ambaye leo yuko miongoni mwa watakaobeba jeneza. Wapo nasi wageni ambao hatukuwajua kabla ya kazi ya Dalmas, kutoka Nandi, Kitui na kwingineko. Mtawatambua kwa medali walizovaa kifuani upande wa kulia, na zote zinang'aa. Miongoni mwao ni Yvonne, aliyesafiri kutoka Iringa. Bibi Asumpta hawezi tena safari, lakini alimvisha Yvonne medali zote mbili kwa mikono yake, akamwambia maneno haya atuletee: "Mchukue baba. Naye aende akamzike aliyemrudisha."

Dalmas, umefika kwenu. Mungu akupe pumziko lake, na amani yake ikae nawe.