Azélie Guidroz na Sala Zisizo na Mrithi

Ijumaa, tarehe 30 Mei 1975, Bi Azélie Guidroz anavua aproni baada ya miaka thelathini na minane katika jiko la Shule ya Anse Belaire. Mimi Théogène Meche, mtunza tanuri, nimeombwa niandike maneno ya kumuaga kwa sababu hakuna anayeijua shule hii kunishinda. Ofisi imetaka maneno ya furaha. Furaha ipo. Hasira ipo zaidi.

Jiko lake la kwanza nililiwasha mimi. Alikaanga unga wa gambo, mchuzi wetu mzito, katika mafuta mpaka ukawa rangi ya maji ya bayu, mto wetu wa matope, na hakugeuka hata akiitwa na nani. Mkaguzi mmoja alimwita mara tatu. Akajibiwa, "Subiri, bwana. Unga ukiungua utakula wewe?"

Watoto wetu walikuja hapa na miaka sita, wakijua Kifaransa chetu tu. Kukisema ilikuwa kosa. Walipigishwa magoti juu ya punje za mahindi. Asiyejua kuomba choo kwa Kiingereza alijikojolea, kisha akachapwa kwa kujikojolea. Azélie aliwaingiza kwa mlango wa nyuma. "Humu ni kwangu. Niambie kama unavyomwambia mama yako." Kaptura alizifua yeye, nikazikausha mimi juu ya tanuri. Waingereza waliwafukuza babu zetu kutoka Akadia, nchi yao ya kaskazini, wakawasweka merikebuni kama mifugo, lakini babu hawakuitupa lugha yao. Imekuja kunyongwa hapa, na walimu wenye majina kama yetu.

Azélie pia hutibu kwa sala alizopewa na baba yake, kwa Kifaransa hichohicho. Mwaka 1949 mkuu wa shule wa wakati ule, mtu wa mjini, alishikwa na mkanda wa jeshi kiunoni. Daktari alishindwa. Akaja jikoni Ijumaa, akasaliwa, akapata nafuu. Jumatatu akarudi amejipinda.

"Bwana Mkuu, ulisema nini ulipotoka hapa?"

"Nilisema asante."

"Basi leo toka kimya."

Kwetu hata anayenyonya anajua: mtibu hashukuriwi wala halipwi, ukimshukuru dawa inakimbia. Nilicheka mpaka nikaliacha tanuri likazimika. Safari hii alipona. Jumanne akawapigisha watoto wanne magoti kwa lugha iliyomponya. Dawa isije ikakimbia, neno lile la shukrani alilolisema mkuu hamtaliona nikimwambia Azélie, hata ofisi ikinuna.

Sasa ofisi hiyohiyo imeleta mwalimu kutoka Ubelgiji afundishe Kifaransa. Binti huyo amemwambia Azélie kwamba chake kimevunjika. Kimevunjika. Nani alikivunja? Azélie alimjazia sahani. "Kula, mwanangu. Chako kizima, lakini mbona kina njaa?"

Nami nasema linalomsumbua, kwa sababu yeye hasemi. Sala zile lazima apewe mtu mdogo kwake kabla hajafa, na hazisemwi kwa Kiingereza. Mimi ningezimeza zote asubuhi moja, lakini nimemzidi miaka miwili, na sala hizi hushuka, hazipandi. Watoto wake watano walisoma hapa, wakaelewa somo vizuri: hawakuwafundisha watoto wao hata neno. Mwezi uliopita alimjaribu mjukuu wake Ronald. Kijana ana moyo mzuri, lakini mstari wa kwanza ulimshinda kuushika. Akampa keki ya asali ya miwa, akamruhusu aende. Kisha Azélie akakaa. Miaka thelathini na minane sijamwona amekaa jikoni. Siku ile alikaa, na mimi nikatoka nje.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mliopigishwa magoti, mnaojifanya mmesahau. Hamjasahau. Mkijigonga kidole mnalaani kwa Kifaransa, nawasikia. Nendeni kwake Jumapili, mmoja wenu akapokee sala.

Azélie, tunakutakia maisha mema, tena marefu. Hayo marefu usiyachukulie kuwa heri tu. Mpaka apatikane mtu, huna ruhusa ya kufa.