Bendera Mbili za Clarrie Dunstable

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni Nerida, binti wa marehemu, na mniwie radhi, historia hii niliiandika jana nikaimaliza, lakini leo asubuhi imevurugika yote, na hata sasa kichwa changu hakijatulia.

Marehemu baba yetu, Clarence Dunstable, alizaliwa tarehe 11 Machi 1921 huko Cygnet, akasoma hapo hapo hadi 1935, akachuma matufaha, kisha mwaka 1940 akaajiriwa kuchochea makaa katika meli ya mizigo Gavana Penhale. Huyo Penhale ndiye gavana wetu wa zamani, ambaye jina lake kisiwa hiki kimekipa kila kitu, barabara, kilima, hata bia.

Tarehe 9 Juni 1942 wakati wa vita, meli ilipigwa topido, kombora la chini ya maji, ikazama, na baba alituambia siku zote kwamba Gavana Penhale ilizama naye, halafu Gavana Penhale ikamrudisha nyumbani.

Alifunga ndoa na mama yetu, Edna, tarehe 4 Mei 1946 hapa Hobart, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Colin. Mama hakuisadiki hadithi ile hata kidogo. "Clarrie, meli iliyozama itakurudishaje? Usinifanye mtoto!" Baba anamimina chai tu.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka jana, akalazwa, akawa anairudia hadithi ile ile, nasi tukasema maskini, akili imeshaondoka. Alifariki Jumatano, tarehe 2 Agosti 1989.

Sasa leo asubuhi wakabisha hodi wazee wawili wasiofahamiana, mzee Hocking na bendera nyekundu ya meli za mizigo, mzee Tregenza na bendera nyeupe ya jeshi la majini, kila mmoja anataka kufunika jeneza, kila mmoja anasema Clarrie ni wa Gavana Penhale.

"Gavana yenu ilizama, bwana wee!" akasema mzee Tregenza.

"Ilizama ndiyo, na Clarrie alikuwa ndani!"

"Basi ni yeye! Manowari yetu nayo iliitwa Gavana Penhale. Tulimtoa majini amejaa mafuta, tukamuuliza katoka meli gani, akatutajia jina la meli yetu wenyewe. Tukacheka, tukasema huyu kachanganyikiwa, kalisoma kwenye boya tulilomrushia. Tukamleta hadi hapa Hobart."

Jamani, mama aliketi pale pale jikoni. Akasema, "Nami nilimkataza asiwasimulie wajukuu."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea supu, wenzake aliofanya nao kazi bandarini, na wazee hawa wawili, ambao bendera zao mnaziona zote juu ya jeneza, ingawa bado wanabishana ipi ikae juu.

Mama ameniomba nimalizie hivi. Wajukuu, sogeeni karibu, msikie. Babu yenu alizama na Gavana Penhale, na Gavana Penhale ikamrudisha nyumbani.

Lala salama, Baba. Tumekusadiki.