Muange Muli, Aliyeziweka Wazi Kufuli za Kompyuta

Wachungaji, wazee wetu, na jirani zetu wa kila dini mliopanda mlima kuja kutufariji, asanteni. Mimi ni Nthambi, dada mkubwa wa marehemu. Nimeombwa nisome wasifu huu kwa upole. Nitajaribu.

Boniface Muange Muli alizaliwa tarehe 3 Juni 1962 hapa Shimba Hills, Kwale, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Muli na Mama Mukonyo, waliotoka Machakos wakapewa shamba katika makazi haya. Mgongo uliombeba ni huu. Alikuwa mtoto mzuri mwenye kasoro moja: hakujua kuficha kitu. Mama akiweka sukari guru darini, kabla ya adhuhuri watoto wote wa jirani walikuwa wanajua iko wapi na wapandie kigoda kipi. Ukimgombeza alishangaa kwelikweli. "Lakini ni yetu sote, dada." Nilimfinya mara nyingi kwa hilo, na leo ningetoa chochote nimfinye tena.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa hadi mwaka 1975, sekondari Kwale mjini kuanzia 1976 hadi 1979, kisha umeme katika chuo cha ufundi Mombasa, 1981 hadi 1983. Barua alizotuandikia kutoka chuoni zilikuwa na michoro mingi kuliko salamu. Baba alizisoma kwa sauti mbele ya wageni, na akifika kwenye mchoro alisema, "Hapa kuna duara," kisha akaendelea.

Mwezi Februari 1984 aliajiriwa fundi umeme katika hoteli moja ya ufukweni Diani. Huko ndiko alikokutana na Kache, binti wa Mzee Ziro, aliyekuwa akifanya kazi chumba cha kufulia mashuka. Walifunga ndoa kanisani tarehe 8 Desemba 1990, wakajaliwa watoto wawili, Muli na Mukonyo.

Hoteli iliponunua kompyuta mwaka 1993 alipelekwa Nairobi kusomea wiki sita, na aliporudi hakuzungumza jambo lingine. Mwaka 1995 ikaja mashine kubwa zaidi, yenye bongo mbili, na mfumo ambao walioutunga waliuachia wazi, mtu yeyote ausome na kuurekebisha. Marehemu aliusoma mpaka kiini chake. Alinieleza hivi, mimi nikiwa napepeta mchele:

"Dada, bongo hizi mbili zinatumia daftari moja. Mmoja akilishika, anafunga kufuli. Sasa wa pili afanye nini? Asimame mlangoni agonge-gonge, au alale mpaka aamshwe? Akisimama sana anapoteza nguvu bure. Akilala upesi, kumwamsha nako kunachelewesha."

Muda wa kusimama mlangoni ulikuwa namba iliyofukiwa ndani ya kiini. Kuibadilisha kulitaka kiini chote kijengwe upya na mashine izimwe. Jumamosi ndege zilipoleta wageni, mashine ilijikokota, naye akafuatwa nyumbani kwake Ukunda, nyuma ya Kona ya Musa, hata akiwa na sabuni kichwani.

Mwaka 1996 akazitoa namba hizo kiinini na kuziweka mahali ambapo karani wa zamu angeweza kuzisoma na kuzibadilisha mashine ikiendelea na kazi. "Kwa nini wanifuate mimi peke yangu?" alisema. Aliyemfundisha zaidi ni karani mmoja mwepesi wa kuelewa, Warda Swabir, binti wa Msambweni.

Jumamosi tarehe 28 Desemba 1996, mabasi matatu ya wageni yaliingia kwa pamoja na mashine ikalemewa. Warda akaona namba ya kusubiri ni kubwa, akaandika sifuri, akiamini sifuri ni kutosubiri kabisa. Nani asingeamini? Lakini marehemu alikuwa ameipanga sifuri iwe kusubiri bila kikomo, na hakuandika hivyo popote. Bongo zote mbili zikasimama mlangoni bila kukoma, na kazi iliyoshika kufuli ikakosa ubongo wa kuirudisha ije kuifungua. Mashine ikaganda. Wageni walikaa juu ya masanduku yao saa nne nzima.

Jumatatu meneja akawaita wote wawili. Barua ya kumfukuza Warda ilikuwa tayari, ikisema amegusa yasiyomhusu. Ilibaki saini ya fundi tu. Marehemu alikuwa amekwisha ahidiwa kuwa mkuu wa idara mwezi Januari.

"Tia saini hapa," meneja akasema, "na mipangilio hiyo ya namba uifiche tena."

"Uniwie radhi, bwana, siwezi. Mimi ndiye niliyempa binti huyu kufuli, lakini maana yake nikabaki nayo kichwani. Kosa ni langu."

"Unajua nitaandika jina la nani badala yake?"

"Najua. Uliandike vizuri, ni Muange, si Mwangi."

Aliachishwa kazi siku hiyo hiyo, baada ya miaka karibu kumi na mitatu. Aliomba saa moja tu. Akakaa akaandika kwa mkono, kwa Kiswahili, kila mpangilio na maana yake, mwisho wake, sifuri yake inafanya nini, na jinsi ya kuurudisha ulivyokuwa. Akaibandika karatasi hiyo ubavuni mwa mashine. Mipangilio haikufichwa tena, na Warda akabaki kazini.

Mimi nilikasirika. Nilimwambia, "Muange, una mke na watoto wawili. Huyo binti ni nani kwetu?" Akasema, "Dada, ningetia saini, ningewatazamaje watoto hao?" Sikusikia. Warda alipokuja hapa kumsalimia mama, aliniamkia, "Shikamoo, dada," nami nikajitia sikusikia. Niliendelea hivyo karibu miaka mitatu, na nasema mbele yenu nyote kwamba ilikuwa aibu.

Marehemu alikodi chumba Kona ya Musa akafundisha kompyuta, hata wakati hoteli zilipokuwa tupu. Jumapili baada ya kanisa alipanda huku, akamweleza mama habari za kufuli, mama akisinzia kitini, naye akiendelea. Tuliiona miaka hiyo kuwa migumu. Sasa naitamani.

Mwezi Machi 1999 miguu yake ilianza kuvimba. Hospitali ya Msambweni walisema ni figo, akahamishiwa Mombasa kusafishwa damu. Kila Ijumaa baada ya swala Warda alifika na mkate wa sinia, akakaa upande mmoja wa kitanda na mimi upande wa pili. Marehemu alituaga Jumamosi tarehe 9 Oktoba, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa Kache. Alikuwa na miaka thelathini na saba.

Orodha ya anaowaacha aliniandikisha mwenyewe wiki moja kabla. Amemwacha mama yetu Mukonyo, mkewe Kache, watoto wake Muli na Mukonyo, kaka yake Kaindi, na mimi. Nikafunga kalamu. Akasema, "Bado mmoja. Andika Warda, mdogo wetu." Nikasema hilo siandiki. Akasema, "Basi nipe kalamu." Vidole vilikuwa vimevimba na herufi zimekwenda upande, lakini zinasomeka. Ndivyo zilivyochapwa katika karatasi mlizoshika.

Muange wetu, Mungu akulaze pema, upumzike. Na wewe Warda, mdogo wangu, nimekukosea. Usisimame huko nyuma na wageni. Njoo huku mbele, ukae na mama.