Kilio Changu Kwenye Video ya Magitaa

Mama zangu, ndugu zangu, leo nitasema nikiwa nimesimama. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameshanisogezea kiti mara mbili, lakini anajua mimi na kiti tuligombana muda mrefu. Bon. Mimi niliangushwa na wimbo. Msicheke! Sikuuimba mimi, hata maneno yake siyajui. Ni ule wimbo wa rock wa vijana wa hapa Birmingham, wenye magitaa yanayolia kama bati linaloburutwa. Video yake mmeiona kwenye simu za watoto wenu. Yule mama mwenye kitenge, kwenye mvua, mikono kichwani, ni mimi huyu.

Nianzie nyuma. Siku mama yangu alipofariki kule Bukavu, nilikuwa mtaa wa Selly Oak nasafisha nyumba ya wanafunzi. Dada yangu mkubwa akanipigia, nikiwa kwenye ngazi na kitambaa mkononi. Nikamjibu, "Nimesikia, dada. Niko kazini." Nikamalizia ngazi. Karatasi zangu za kuishi nchi hii zilikuwa bado hazijatoka, kusafiri siwezi, na nyumbani nina mtoto mdogo. Nikajiuliza, nikianza kulia huku ugenini, nani atanishika? Nikanyamaza. Nikanyamaza miaka mitatu.

Ndugu zangu, nawaambia, kilio ukikimeza hakilali. Kukaa nikashindwa kabisa. Chakula nakula nikitembea jikoni. Sahani safi naziosha tena. Kanisani, mahubiri hayajafika katikati, mimi niko nje nahesabu magari. Siku nyingine napanda treni mpaka mwisho wa njia, nashuka, napanda ya kurudi, bila safari yoyote. Nyinyi nilikuwa nawaambia nina zamu kazini. Ulikuwa uongo, mnisamehe.

Ndipo msichana mmoja wa ile nyumba ninayosafisha akaniambia rafiki zake wanapiga video, wanatafuta watu wa kila umri. Nikaenda, ili tu nisishinde nyumbani. Lilikuwa godauni tupu, wametega mabomba ya maji yatunyeshee kama mvua. Aliyekuwa anaongoza, nywele za kijani, akasema kila mtu afanye anachofanya akiwa na uchungu. Wenzangu wakarusha miguu, wakatikisa vichwa. Mimi sikupanga kitu. Mikono yangu yenyewe ikafungua kilemba, ikakaza kitenge kiunoni, ikapanda kichwani. Na mdomo ukafunguka. Yesu wangu! Nililia mpaka nikapiga magoti kwenye maji.

Nilipomaliza, mnajua walifanya nini? Walinipigia makofi.

Video ikatoka, ikaenea kama moto wa nyasi. Binti yangu akarudi mbio kutoka shuleni: "Mum, ni wewe? Everyone's doing it! Shule nzima wanakuigiza!" Kwenda mtaa wa Alum Rock kununua unga ikawa taabu, vijana wa kwenye vibanda vya chipsi wakiniona wanaweka mikono kichwani. Hayo ningeyavumilia. Lakini video ilifika Bukavu.

Kwetu, mwanamke aliyefungua kilemba na kukaza kitenge namna ile hachezi. Amefiwa. Huko nyumbani wakadhani binti yangu amekufa. Wakatandika mikeka kwa dada yangu, majirani wakaleta viti, watu wakaanza kulia. Dada akanipigia, sauti imekauka: "Nani amekufa?"

Nikasema, "Hakuna, dada. Ni wimbo tu."

Kisha akasema, "Mama yetu hukumlilia, ulikuwa kazini. Wazungu na magitaa yao ndio umewalilia?" Akakata. Kila nikipiga, hapokei. Dada huyu ndiye aliyenibeba mgongoni tulipokimbia vita. Nikaona nimempoteza, na mama nimempoteza mara ya pili.

Nikaacha kwaya, nikaacha kuja hapa. Mpaka mama mmoja wa kikundi hiki, Mkenya, simtaji, mwenyewe anajificha pale nyuma, akaja kwangu bila hodi ya simu. Akanikuta nafuta dirisha moja tena na tena.

"Wee, keti."

"Siwezi."

Akaomba simu ya binti yangu, akaitazama ile video yote. Hakucheka. Akaniuliza, "Na huyu unayemlilia hapa ni nani?"

Watu wote wale waliotazama, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia, "Ni mama."

"Matanga mlimfanyia huku?"

"Hapana."

"Basi wewe bado umesimama mlangoni kwa msiba. Jumamosi tunakuja."

Mkaja. Sofa mkaisogeza nje kwenye korido, mkatandika magodoro chini katika fleti yangu ya Ladywood. Wakongo wakaimba, Wakenya wakapika chai, na yule jirani yangu Singasinga, aliyezaliwa Kisumu, akaja na sufuria la dengu akisema, "Pole sana, dada, pole." Kisha yule mama akatoa simu yake, akapiga Bukavu. Dada alipokea kwa kuwa namba haijui. Akasikia nyimbo za msiba. Akashtuka: "Nani amekufa?"

Nikasema, "Mama. Mama amekufa, dada."

Akapiga ukelele ule wa kwetu, nami nikaupokea, tukalia pamoja, yeye kule, mimi hapa chini kwenye godoro. Nilikuja kugundua baadaye kwamba nimekaa tangu asubuhi mpaka jioni, na sikuinuka.

Asanteni, mama zangu. Asanteni kwa chai, kwa magodoro, na kwa kunishika. Nanyi mliofiwa mkiwa huku, msimalizie ngazi. Weka kitambaa chini, umwambie mtu siku ile ile.

Dada sasa ananipigia kila Jumapili. Na ile video? Yeye ndiye anayeionyesha wageni nyumbani kwake. Anawaambia, "Huyu ni mdogo wangu, anamlilia mama. Hao wenye magitaa wanamsaidia kulia."

Haya, mwenyekiti, nipe hicho kiti.