Kiatu Alichonishonea Baba Feza

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, na ninyi mliokaa kule nyuma mjibu kwa nguvu, maana leo nawaona! Ndugu zangu, miaka mingi katika kanisa hili la hapa Wamaza niliwajua kwa miguu tu. Mama wa kandambili za bluu. Mzee wa vidole vilivyopandana. Mchungaji na viatu vyake vya ngozi. Nyuso zenu sikuzipata mpaka niketi.

Wengi mnakumbuka. Goti langu la kuume lilianza kuuma shambani, kitunga cha mihogo mgongoni, kamba yake imebana paji la uso. Likaendelea kukunjika, mpaka likakataa kunyooka kabisa. Mguu ukawa kama umefupika, kiuno kikashuka upande, mgongo ukalala mbele. Nikawa naimba kwaya nikitazama udongo. Na sote tulihangaika na mgongo! Mgongo ulikandwa kwa mawese, ukachanjwa chale, ukaombewa. Goti hakuna aliyelitazama, hata mimi mwenyewe.

Mume wangu, Baba Feza, si mtu wa maneno, mnamjua. Alikata tairi la pikipiki, akapanga vipande kimoja juu ya kingine, akanishonea kiatu kirefu cha mguu ule. Nikaacha kuyumba. Wanawake wengine hununuliwa vitenge, mimi nilishonewa urefu! Nilikipenda kiatu kile.

Kisha binti yetu Feza, anayeishi Bukavu, akasema niende kwa daktari wa huko. Nilipanda pikipiki kwa machozi, na nilishuka kwa machozi. Daktari hakuanza na mgongo. Aliniambia nitembee tu, akatazama.

"Mama, mugongo yako haina kosa," akasema. "Goti ndio iko navuta kiuno, na kiuno iko navuta mugongo."

Ndugu zangu, tazameni jinsi Mungu alivyotuunganisha! Uchungu uko huku, mzizi uko kule. Walitoa mifupa iliyosagika, wakaweka goti la chuma. Niliogopa, sitasema uongo. Lakini niliamka, na mguu ukanyooka! Halafu kine, yule anayefundisha watu kutembea, akanifundisha upya kama mtoto: kisigino chini, kifua juu, macho mbele. Mgongo haukunyooka siku ile ile. Ulikuwa umezoea kuinama. Lakini polepole ulilifuata goti. Nawastaajabia watu wale mpaka leo.

Nikarudi nyumbani. Na Baba Feza alikuwa amenisubiri na nini? Kile kiatu! Alikuwa amekitia tairi jipya chini na kukipaka mafuta, kinang'aa. Nani angekataa zawadi kama ile? Nilikivaa kwa furaha, nikaja nacho hata kanisani.

Haukupita muda, kiuno kikaanza kuwaka moto. Mgongo ukajipinda upande mmoja, nikaanza kuinama tena. Nikasikia watu wakinong'ona kwamba chuma kimenishinda. Hapo nililia mbele za Mungu! Nilisema, Bwana, umenionyesha nyuso za watu ili uzifiche tena?

Asubuhi moja nilitoka kuoga nyuma ya nyumba, miguu mitupu, nikaanika kitenge kwenye kamba. Baba Feza alikuwa ananoa jembe. Akaacha kunoa.

"Mama Feza, simama vile uko." Nikasimama. "Sasa vaa kiatu." Nikavaa. Akazunguka nyuma yangu, jembe mkononi. "Vua tena."

Nikavua. Jembe likamtoka mkononi.

"Mungu wangu! Mguu ilisha kunyooka, na mi niko naiongezea urefu! Ni kiatu yangu iko nakupindisha!"

Ndugu zangu, mtu aliyekishona kwa mikono yake, akasifiwa na kila mtu kwa ajili yake, alichukua kisu akakikata vipande bila kusikitika. Nampenda mwanaume yule! Nikarudia mazoezi ya kine, na maumivu yakaondoka. Kipande kimoja cha tairi akakipigilia kuwa bawaba ya mlango wa jikoni.

Na siku moja naingia jikoni humo na sufuria mkononi, pa! Paji la uso limegonga mti wa juu ya mlango. Mlango ule ule niliopita miaka yote bila kuugusa! Nilishika uvimbe wangu nikapiga vigelegele, majirani wakadhani nimerukwa na akili. Nilikuwa nimesahau urefu wangu.

Asante Yesu! Asante kwa mikono ya daktari, kwa subira ya kine, kwa macho ya Baba Feza. Na wewe uliyeinama leo, unayehesabu vidole vya miguu yako, mtumaini Bwana, na ukubali kutazamwa hata pale pasipouma. Hajakusahau. Njoo kwetu tuombe pamoja, nitakupokea nikikutazama usoni.

Ila ukiingia jikoni kwangu, inamisha kichwa. Mimi sasa nainamisha changu, na kila mara nasema haleluya.