Vyombo vya Watu Katika Nyumba Yetu ya Majengo

Bwana asifiwe! Nasema tena, Bwana asifiwe, na safari hii hata ninyi wa benchi la nyuma mnaongoja chai.

Ndugu zangu, najua mnavyonitazama. Mmezoea kuniona nikitolewa nje ya ibada, si nikiitwa mbele. Mzee wa kanisa ameniagiza nishuhudie kwa ufupi, nisitaje jina lake, na nisichekeshe. La jina nimelishika. Hayo mengine mniombee.

Mnajua Baba alihamishwa na reli akapelekwa Voi. Alitangulia peke yake, na sharti lake lilikuwa moja: nyumba ya Majengo iuzwe, ndipo tumfuate. Wala hakuwa mkaidi. Nyumba ya makuti ukiifunga ukaondoka, jikoni kusifuke moshi, wadudu watalila paa lote na kushukuru juu. Basi Baba akawa anakula ugali wake mbichi kule Voi, na sisi tukakaa huku kungoja mnunuzi.

Kungoja kulitutesa, ndugu zangu. Mdogo wangu Neema kila aliyemwona na kofia ya reli alimkimbilia akimwita Baba, na Mombasa hii kofia za reli si haba. Mama naye kila jioni alipakua sahani ya Baba kwa mazoea, akaitazama, akakirudisha chakula sufuriani. Mimi ninayeweza kucheka hata matangani, ile sahani ilinishinda.

Wanunuzi walikuja. Waliinua macho darini, wakaliona jua kwa ndani, wakaaga. Mwisho dalali wetu, Mzee Shee, akaketi barazani akavua kofia.

"Mama Zakaria," akamwambia mama yangu, "nyumba hini ni nzuri, lakini iko uchi. Ipambeni! Mtu hutaka kujiona amekaa ndani, ale, alale, apokee wageni. Mukimuonyesha kuta tupu na kigoda kimoja, ataona nini?"

"Ataona kigoda," nikasema. Mama akanitazama, nikaenda nje.

Lakini neno lile lilinikaa moyoni. Mama hakuwa na uwezo wa kununua hata pazia. Nikamwambia: Mama, watu hapa wakiwa na harusi hununua vyombo? Huazima! Nasi tuifanyie nyumba harusi. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Baba aondoke. Basi, Ibilisi alipoona Mama amecheka, akajua kazi yake itakuwa nyepesi.

Nikaanza na kuta. Nikanunua chokaa Mwembe Tayari, nikatia buluu ya kufulia nguo ili iwe nyeupe ya kung'aa, nikapaka siku nzima nikiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ambayo majirani wanaikumbuka. Mama akaniambia, "Tia chumvi, chokaa ishike." Chumvi ilikuwa imekwisha. Ndugu zangu, nilikuwa naazima kila kitu mtaa mzima, na kitu pekee nilichoona haya kuazima ni kopo la chumvi!

Vyombo vikaja. Bi Mwana, jirani yetu wa mlango wa pili, alileta sahani za kauri za kupanga ukutani, zenye maua ya dhahabu. Mwalimu Yona wa kwaya alileta kabati lake la kioo, likabebwa na vijana wanne wanaofanya kazi Kilindini, nao walisema meli hazina uzito ule. Kila mahali nilipolijaribu lilikataa kuenea, mpaka nikalisimamisha mbele ya mlango wa uani. Likaenea kama limezaliwa pale. Zikaja saa, mikeka, viti, pazia, na kitanda cha besera, chenye nguzo nne na chandarua, ambacho hakikuacha mahali pa mtu kukizunguka. Mabaka ya mvua sakafuni nikayatandikia mikeka. Sebule ikapendeza! Ilikuwa kama duka.

Jambo moja sikulifikiri. Chombo cha kuazima cha harusi hakiji peke yake. Mwenyewe hukifuata, akaketi karibu nacho mpaka shughuli iishe. Basi siku ya mnunuzi, Bi Mwana aliketi chini ya sahani, mwenye saa chini ya saa, mwenye viti juu ya viti, na Mwalimu Yona akasimama kando ya kabati amelishika kama mtoto anayejifunza kutembea.

Mnunuzi mwenyewe alikuwa Bi Rukia wa Kibokoni, mama mjane mwenye kauli, anayemtafutia nyumba mjukuu wake anayeolewa. Aliingia na Mzee Shee, buibui jeusi limepigwa pasi, akasimama mlangoni.

"Salaam aleikum. Kwani hapa muna harusi?"

"La, Bi Rukia," akasema Mzee Shee. "Hawa ni majirani tu, wamekuja kuamkua."

"Majirani wote hawa? Na wenye nyumba hukaa wapi?"

Akapita kwa kujibana kati ya viti. Mle ndani kulikuwa na joto, ndugu zangu, joto la kusimuliwa siku ya mahubiri ya moto wa milele. Hewa haikwenda wala haikurudi. Bi Rukia akajipepea kwa kiganja, akatafuta pa kupumzikia, akauegemea ukuta.

Nikaona. Mama akaona. Alipojitenga na ukuta, mgongo mzima wa buibui ulikuwa mweupe, na ukutani ukabaki umbo la Bi Rukia, mabega na yote. Nikaomba kimoyomoyo: Bwana, kama una mpango wa kurudi, rudi saa hii.

Yeye hakujua. Alikuwa amevutwa na sahani. Akaishusha moja.

"Polepole na hiyo!" Bi Mwana akaropoka.

Bi Rukia akamtazama, kisha akaigeuza sahani. Nanyi mnajua desturi: mwenye vyombo vya harusi hutia alama ya rangi chini, visije vikapotelea kwa watu. Chini ya sahani ile palikuwa na misalaba miwili ya rangi ya kijani.

"Alama hini ni yangu," akasema taratibu. "Sahani hizi zilitoka kwangu siku ya harusi ya Saada wangu. Saada sasa ana watoto watatu!"

Bi Mwana akajivuta ndani ya buibui mpaka yakabaki macho. "Rukia, wallahi nilikuwa nikuletee kesho."

"Kesho ya mwaka gani, Mwana?"

Mkisikia hofu imewaingia watu, ni ile. Kila mwenye chombo aliona sasa vitadaiwa vyote. Mwenye saa akaishusha akaonyesha alama yake. Mwenye mikeka akaivuta kwa nguvu, mwenye viti akamwinua mwenye saa. "Hiki changu! Tazameni chini yake!" Mapazia yakatoka na misumari. Kitanda kikavunjwa vipande kikapitishwa dirishani. Mwalimu Yona akawaita wale vijana wa Kilindini, akasema kabati lake litatoka sasa hivi kabla halijapata mwenyewe Kibokoni. Punde si punde sebuleni tulibaki sisi, Mzee Shee aliyefunika uso kwa kofia, Bi Rukia na sahani zake, na kile kigoda chetu.

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipomwona Mama kwa macho mapya. Alisogea mbele, akasema bila kutetemeka:

"Mama, nisamehe. Vyombo havikuwa vyetu. Paa linavuja pale na pale, mabaka si hayo? Ukuta umepakwa chokaa juzi, na nyingine iko mgongoni mwako. Mume wangu yuko Voi, nami nataka watoto wakae na baba yao. Sina jingine la kukuonyesha."

Bi Rukia akajipapasa mgongo, akajizungusha kuutazama, akashindwa, akajizungusha upande wa pili. Neema akacheka. Mimi nikaangalia sakafu.

Na hapo Bwana akatenda! Mlango wa uani, ambao kabati lilikuwa limeuziba, ulikuwa wazi. Upepo wa bahari ukaingia kwa nyuma, ukapita sebuleni wote, ukatokea barazani. Buibui la Bi Rukia likapeperuka. Akasimama. Akafumba macho kidogo. Kisha akaupima ukumbi kwa hatua, ukuta kwa ukuta, akatoka uani, akakitazama kisima, akarudi.

"Ukumbi mkubwa hivi! Ulikuwa umefichwa na nini?"

"Na mimi," nikajibu.

"Na mlango huu ni nani aliyeuziba?"

Wote wakaninyoshea kidole. Hata Neema. Hata Mzee Shee, aliyesema nyumba ipambwe!

"Mwanangu," Bi Rukia akaniambia, "soma sana. Udalali hutauweza." Kisha akamgeukia Mama. "Makuti haya nitayaondoa, nitaezeka mabati, kwa hivyo kuvuja kwake si neno. Kwangu Kibokoni tumebanana, upepo hupita juu ya mapaa ukaenda zake. Mjukuu wangu apata pumu. Hapa atapumua. Nipe siku mbili nimlete mwalimu wa msikitini na mashahidi, tuandikiane."

Mama akaketi juu ya kigoda akalia. Bi Rukia akamwekea mkono begani, akamwachia chokaa. Haleluya!

Siku mbili zikapita, mashahidi wakaja, neno likawa neno. Jumamosi hii tunapanda gari moshi. Baba ameshaazima mkokoteni wa kutupokea, na Mama ameniapisha nisiuguse.

Ndugu zangu, nimefikiri sana, na mnajua mimi si mtu wa kufikiri. Nilidhani Mungu atatusaidia tukionekana watu wa maana. Nikakusanya mali ya mtaa mzima nikaisimamisha katikati ya njia yake. Ikabidi aitoe yote, tena kwa aibu, mbele ya mgeni, ndipo baraka ipate pa kupita. Namshukuru kwa Bi Rukia. Namshukuru kwa Bi Mwana, ambaye bila kukawia kwake kurudisha sahani tungalikuwa tumeketi mle mle mpaka leo tukitokwa na jasho. Namshukuru zaidi kwa mama yangu, aliyesema kweli wakati mimi nilikuwa napima kama dirisha linanitosha.

Na wewe uliyeketi hapo, uso umeupamba kwa furaha ya kuazima, na nyumbani kwako kunavuja, nakusihi: warudishie watu vyombo vyao. Mfungulie Yesu mlango wa nyuma, ule ule unaouonea haya. Mwambie pale na pale. Mtumaini, naye atakuja kununua nyumba na mabaka yake.

Nimemaliza. Semeni amina, chai inapoa.